Kichupa Kilichokaa Kando ya Maziwa

Saa tisa za usiku mwanangu alianza kukohoa. Kikohozi chake nakijua: kikavu, cha mfululizo, kisha mwishoni kifua kinapiga mluzi mwembamba kama birika linaloanza kuchemka. Nikaenda jikoni kwa kupapasa, maana umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Nikafungua friji yenye giza na joto lake, nikapeleka mkono mlangoni, kando ya pakiti ya maziwa, mpaka vidole vikagusa kichupa.

Kilikuwa kimekaa pale wiki sita.

Nikarudi chumbani, nikamkalisha mtoto, nikamwinua kidevu. Tone lilikuwa limeshajikusanya kwenye ncha, linaning'inia, aliponiuliza:

"Mama, hiyo ni ya nini?"

"Ya pua."

"Lakini mimi ni kifua."

Ana miaka minane. Nikakifunga kichupa.

Nikatafuta pampu yake ya salbutamol na ile chupa ya maji tuliyoitoboa kitako ili mdomo wa pampu uingie, tukafanya kama tulivyofundishwa: bonyeza mara moja, vuta pumzi polepole, ngoja, rudia. Haikupita nusu saa, mluzi ukatulia. Akalala. Mimi sikulala. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikijitazama: mwalimu mzima, ninayewaambia watoto wa watu kila siku wasome swali kabla ya kujibu, nilikuwa nusu sekunde tu kabla ya kumtilia mwanangu puani kitu nisichokijua.

Kilikotoka

Mdogo wangu anafanya kazi Dubai. Tangu utoto wetu Busia ananijua kwa chafya. Alfajiri nikianza, yeye alikuwa anahesabu kwa sauti kutoka kitanda cha pili. Siku hizi wanafunzi wangu huku Kampala wananiita Mwalimu Senyiga, yaani Mwalimu Mafua kwa Kiganda. Wanadhani sijui.

Alimpa msafiri kichupa, kisha akanitumia ujumbe wa sauti: "Dada, hizo Piriton zako zinakulaza tu. Hii inafundisha mwili. Unaweka puani kidogo kidogo kile kile kinachokudhuru, mpaka mwili unakizoea."

Inafundisha mwili.

Neno lile lilininasa. Ningeambiwa "inatibu" ningecheka, maana kila kitu kwenye vibanda vya mjini kinatibu. Lakini kufundisha ndiyo kazi yangu. Naamini somo likirudiwa kwa kipimo kizuri huingia hata kwenye kichwa kigumu, na pua yangu ni kichwa kigumu.

Kwenye lebo palikuwa na picha ya pua, picha ya mdudu mwenye miguu minane, na sifa nyingi. Kiasi cha kilichomo ndani? Hakuna. Namba ya aina yoyote? Hakuna. Nikakiweka friji, na kwa wiki sita kila nikichukua maziwa kilinitazama.

Moroto

Ningekitumia siku ya kwanza, kama si Moroto.

Ni mji wa Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Januari nilikwenda huko kwa wiki mbili, semina ya walimu wa Kiswahili. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda vitani. Miaka ishirini nimeamini adui yangu ni vumbi: vumbi la murram, vumbi la chaki, vumbi la boda boda zinazopita mbele ya lango la shule. Na Moroto wakati wa kiangazi ni vumbi tupu. Lilikuwa kwenye meno, kwenye chai, kwenye kurasa za daftari. Nilibeba bati nne za vidonge vya Piriton.

Asubuhi ya tatu niliamka nikasikia kimya. Nilichukua muda kuelewa ni kimya cha nini. Kilikuwa kimya cha pua. Matundu yote mawili yalikuwa wazi. Nilinusa sabuni ya mtu aliyekuwa anafua uani, nikainusa kweli, si kukumbuka harufu yake.

Nikarudi Kampala na bati tatu na nusu.

Sisi tunakaa Kireka, upande wa bondeni, unakoelekea kinamasi cha Kinawataka. Asubuhi ya pili baada ya kurudi nilikung'uta shuka ili nitandike kitanda. Chafya kumi na moja. Mume wangu alizihesabu.

Sasa, simwambii mtu kwamba huo ni ushahidi. Moroto sikupika kwa makaa. Sikusimama mbele ya ubao. Nililala kwenye godoro jembamba la hosteli lililovikwa nailoni, lililokuwa linalia kila nikijigeuza. Mambo mengi yalibadilika kwa pamoja. Lakini mtu aliyepiga chafya miaka ishirini akilaumu barabara, kisha akaenda kwenye vumbi kubwa kuliko yote akapumua vizuri, hawezi kurudi nyumbani na kuendelea kuilaumu barabara.

Mdudu asiyekunywa maji

Nikaanza kusoma kuhusu yule mdudu wa kwenye lebo: ni utitiri. Utitiri tunaujua kwa kuku. Aliyefuga anajua unavyoingia mikononi ukikusanya mayai. Ulio kwenye magodoro yetu ni wa ukoo huo huo wa miguu minane, lakini hauumi. Ni kitu cha robo milimita au zaidi kidogo, hakina macho, na chakula chake ni magamba ya ngozi tunayopukutisha usiku.

Na haunywi maji. Hapo ndipo nilipoweka kikombe chini. Unajipatia maji kwa kuvuta unyevu wa hewa, na hewa ikibaki kavu kwa muda mrefu, chini ya asilimia 50 hivi ya unyevu, hunyauka ukafa. Bondeni Kireka, godoro lililolaliwa na watu wawili wanaotoka jasho ni ziwa. Moroto ya Januari ni jangwa.

Vumbi la nyumbani lilishukiwa kwa miaka mingi bila mtu kujua ndani yake kuna nini hasa. Ni katika miaka ya 1960 ndipo Reindert Voorhorst na wenzake huko Leiden, Uholanzi, walipomtaja mhusika, nao waliona kwamba nyumba zenye unyevu ndizo zenye shida zaidi. Mwaka 1981 watafiti wengine wakaonyesha kwamba chanzo kikubwa cha kinachotudhuru ni kinyesi cha mdudu huyo. Ndani yake kuna kimeng'enya cha kumeng'enyea chakula, na kikitua puani kinalegeza viungio vya seli za utando wa ndani, kama mtu anayeng'oa saruji kati ya matofali. Vijipunje vyenyewe ni vizito, havielei hewani kutwa. Vinatulia upesi, mpaka mtu akung'ute shuka.

Kwa hiyo zile chafya za alfajiri, zile alizokuwa anahesabu mdogo wangu, zilikuwa na sababu ya kuanza wakati wa kutandika.

Kosa la mtu aliyepatia

Wazo la kufundisha mwili si la wauza vichupa. Mwaka 1911 daktari Leonard Noon, wa hospitali ya St Mary's jijini London, alichapisha taarifa ya kuwadunga watu wenye mafua ya chavua maji yaliyotengenezwa kwa chavua ya nyasi, akianza na kiasi kidogo mno na kupandisha taratibu. Alidhani ndani ya chavua kuna sumu, na kwamba anawachanja dhidi ya sumu hiyo. Sumu hakuna. Kingamwili inayoleta kasheshe yote, IgE, haikujulikana mpaka zaidi ya miaka 50 baadaye. Alikosea sababu akapatia njia. Ninampenda kwa hilo kuliko ningempenda angepatia vyote.

Kinachotokea tunakijua zaidi sasa. Mwili wenye aleji umebeba IgE juu ya seli zilizojaa histamini, kemikali inayoleta muwasho, kama mitego iliyotegwa. Utitiri ukigusa, mitego inafyatuka: muwasho, kamasi, chafya. Ukiupa mwili kiasi kilichopimwa, mara nyingi, kwa muda mrefu, unaanza kutengeneza kingamwili ya aina nyingine inayomdaka mgeni kabla hajafika mtegoni, na seli za kutuliza ugomvi zinaongezeka. Muda mrefu maana yake ni miaka mitatu au zaidi. Siku hizi kuna sindano, na kuna vidonge vya utitiri vinavyoyeyuka chini ya ulimi. Marekani iliviidhinisha mwaka 2017, na kidonge cha kwanza humezi nyumbani kwako. Unakiweka chini ya ulimi mbele ya daktari, kisha unakaa nusu saa unaangaliwa.

Nusu saa ile niliisoma mara mbili. Nilimkumbuka mwanangu gizani, kidevu juu.

Sema a, e, i, o, u

Na njia ya pua? Ipo, wala si uzushi. Na ina mantiki inayomvutia kila anayeisikia: ugonjwa umeingia kwa mlango huu, somo nalo lipitie mlango huu.

Watafiti walianza kwa maji ya matone na ya kupuliza. Pua ikafanya kile ambacho wewe na mimi tungekitabiri: ikaasi. Umeiletea adui yake mlangoni, ikapiga chafya ikamtoa nje, somo likaishia kwenye leso. Wengine wakapewa kwanza dawa ya kuituliza pua, kisha ndipo wakapewa somo.

Baadaye, hasa Italia, wakaja na unga mkavu: kiini cha utitiri au chavua kikichanganywa na laktozi, sukari ya maziwa, ndani ya kapsuli, unapulizwa puani kwa kifaa kidogo. Hapo likaja tatizo la kifua. Unga ukivutwa mpaka mapafuni unaweza kumwamsha mtu pumu. Wakapata dawa ya tatizo hilo ambayo nilipoisoma nilicheka peke yangu kwenye chumba cha walimu: mgonjwa aliambiwa atamke kwa sauti wakati anapuliza. Ukiwa unatamka, pumzi inatoka, haiingii. Unga unabaki puani.

Nilifika nyumbani nikamwambia mwanangu ajaribu. Tukakaa tumeziba tundu moja la pua, tunapiga a-a-a-a, e-e-e-e kama darasa la kwanza. Mume wangu akachungulia mlangoni akarudi zake.

Ilifanya kazi? Kwa pua, ndiyo. Yapo majaribio yaliyoonyesha watu wenye aleji ya chavua na ya utitiri wakipata nafuu. Lakini nafuu hiyo ilikuwa ya pua tu, kifua hakikupata fungu lake. Ukiacha, somo lilielekea kusahaulika. Na kila siku kapsuli, kifaa, kutamka, chafya. Njia ya chini ya ulimi ilipokuja na utulivu wake, wagonjwa na madaktari wengi wakahamia huko. Kuna watafiti ambao bado wanairudia pua kwa mbinu mpya. Sioni ajabu.

Ila mimi nilichukua wiki tatu za kusoma usiku kufika kwenye sentensi aliyoitoa mtoto wa miaka minane bila kusoma chochote. Lakini mimi ni kifua.

Mkono wa kushoto

Nilikifunga kichupa kwenye kavera, mfuko wa plastiki, nikampelekea daktari. Ni mama wa makamo, mwenye subira ya mtu aliyekwisha kuonyeshwa kila aina ya chupa.

Alikigeuza. "Mwalimu, humu mna kiasi gani?"

"Haijaandikwa."

"Kilisafiri siku ngapi?"

"Nne. Ndani ya begi."

"Vitu hivi vinataka baridi, nyuzi 2 mpaka 8. Na umeme wa kwenu?"

Tukacheka wote wawili. Yeye aliacha kwanza. Akasema huenda ni maji matupu, na huenda ni kitu kikali, na kwa macho hakuna wa kutofautisha. Kisha akasema lile nililokuwa naliogopa: mtoto ambaye pumu yake haijatulia haanzishiwi tiba ya namna hii, iwe ya sindano, ya ulimi au ya pua, hata ikiwa dawa yenyewe ni halali na imepimwa. Alilisema akiandika, bila kunitazama. Nadhani alikuwa ananisitiri.

Nilikwenda pia kwa ajili yangu. Alinichora mistari kwa kalamu kwenye mkono wa kushoto, akaweka matone, akachoma kila tone kwa kisindano kifupi kisichotoa hata damu. Robo saa nilikaa nimekataza mkono wa kulia kukuna. Tone la chumvi halikufanya kitu. Tone la histamini liliinuka, kama ilivyotakiwa. La utitiri likavimba kama aliyeumwa na mbu wawili mahali pamoja. Akaweka rula. Kuanzia milimita 3 wanahesabu kuwa ni jibu. Langu lilikuwa 8.

Nikashangilia, nisikufiche. Baada ya miaka ishirini nina ushahidi!

"Polepole," akasema. "Hii inaniambia mwili wako unamjua utitiri. Haijaniambia kwamba chafya zako zote ni zake. Wapo watu wanaovimba hivi na hawajawahi kupiga chafya ya maana."

Hilo ni jambo ambalo sisi Uganda tunalo karibu. Entebbe wamelitafiti kwa miaka mingi, aleji na minyoo kwa pamoja. Watoto wa akina mama waliopewa albendazole, dawa ya minyoo, wakiwa wajawazito walionekana kupata ukurutu zaidi utotoni. Ukisikia hivyo unaweza kudhani minyoo inatulinda, ukaacha dawa. Lakini walipokwenda visiwa vya Koome, ziwani, wakawapa watu dawa za minyoo kwa wingi kwa miaka mitatu, aleji haikuongezeka. (Mama yangu, ukisoma hapa: dawa za minyoo ziendelee.) Na kwa wanafunzi wa Wakiso, waliozaliwa kijijini walikuwa na hatari ndogo ya pumu kuliko waliozaliwa mjini. Mimi nimezaliwa Busia, mwanangu Kampala. Sijui nilifanye nini jambo hilo, kwa hiyo nimeliacha hapo.

Kabla sijaondoka akaniuliza ile dawa ya kupuliza ya steroidi aliyoniandikia zamani.

"Haifanyi kazi," nikasema.

"Nionyeshe unavyoitumia."

Nikaichukua kwa mkono wa kulia, nikaiingiza tundu la kulia, nikabonyeza.

Akafumba macho. "Umekuwa unapulizia ukuta. Mkono wa kulia, tundu la kushoto. Mkono wa kushoto, tundu la kulia. Elekeza upande wa sikio. Na unaitumia siku ngapi?"

"Tatu, nne. Nikiona kimya naacha."

"Inataka kila siku, na wakati mwingine wiki mbili ndipo uione."

Miaka minne nimewaambia watu, hata wazazi wa wanafunzi, kwamba dawa ile ni bure. Miaka minne ya kutoka damu puani kidogo kidogo na kuisingizia dawa. Nilitoka pale nimeinamisha kichwa kama mtoto aliyenyang'anywa karatasi ya mtihani.

Godoro

Bado naitaka tiba ile. Siku moja, yenye kipimo kilichoandikwa, na daktari kaketi mbele yangu na saa yake. Nimepiga hesabu: miaka mitatu ya kidonge kila siku ni vidonge 1,095, na mshahara wa mwalimu unaujua. Daktari alisema kifua cha mtoto kikitulia kwa miezi kadhaa tutazungumza. Sikumbishia.

Kwa sasa nimerudi kwenye godoro. Bibi yangu alikuwa analianika kila Jumamosi, na nilitamani sana kuandika hapa kwamba bibi alijua yote. Alijua nusu. Jua kali linaukausha mdudu, lakini kinyesi chake kinabaki pale pale, na kinyesi ndicho kinachoniamsha. Kinataka kufuliwa. Maji ya nyuzi 60 yanaua utitiri wenyewe, na hata maji ya baridi yanaondoa sehemu kubwa ya uchafu wake. Kwa hiyo Jumamosi nachemsha sufuria kubwa, nafua shuka na foronya, na mwanangu haruhusiwi kukaa chumbani wakati wa kung'uta. Wiki ya tano sasa. Dawa napulizia upande wa sikio. Chafya zimepungua, hazijaisha.

Juzi mdogo wangu alipiga simu. "Dada, umeshaanza?"

Nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akataja bei aliyokinunulia. Nikanyamaza na mimi.

"Basi nikutumie nini?"

"Mfuko wa godoro. Ule wa kitambaa kilichofumwa kwa kubana sana, una zipu, unalivika lote chini na juu. Na foronya nne za namna hiyo."

"Nipo Dubai, dada. Dhahabu ipo, simu zipo. Unaagiza foronya?"

"Na mfuko wa godoro."

Akacheka mpaka akakohoa. "Haya. Godoro lenu lina inchi ngapi?"

Sikuwa najua. Nikaweka simu kwenye spika, nikachukua utepe wa fundi, nikainua kona ya godoro ili nipime unene.

Alizihesabu zote, kwa sauti, kutoka Dubai. Zilikuwa saba.